Aliyekaza Ndiye Anayekaa

Mzee wangu Elisante,

Shikamoo. Nimeandika hiyo salamu halafu nikasubiri marahaba. Mazoea yana taabu. Miaka kumi na minne nimekuamkia kila asubuhi pale mlangoni pa gereji, nawe unaitikia bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini. Leo nakuamkia kwenye karatasi, na wewe umelala Suji pembeni ya migomba yako. Basi mimi nimeamkia. Utaitikia ukipata nafasi.

Ni Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Niko peke yangu gereji. Wenzangu wamekwenda kula na waandaaji wa mashindano kule hotelini, watarudi saa tisa. Upepo wa Same unaujua, na leo umeamka na ugomvi. Tangu asubuhi unabamiza mabati na vumbi limeingia mpaka kwenye chai yangu. Mbele yangu liko Kande, gari letu la mashindano, limesimama juu ya stendi za chuma. Bado linaitwa Kande. Walitaka kulibadilisha jina nikagoma. Nikawaambia Mzee aliliita hivyo kwa sababu lilipikwa kama kande, mahindi ya huku na maharage ya kule, injini ya gari hili na gia ya gari lile, na bado linashibisha.

Karatasi ninayokuandikia ni nyuma ya fomu ya ukaguzi. Mbele wameshanichapia kila kitu: mimi Tausi, fundi mkuu, nathibitisha kuwa gari hili ni zima na salama. Inasubiriwa sahihi yangu tu. Saa kumi jioni binti yako Nakundwa atalipandisha gari Suji, halafu alishushe mpaka Makanya kwa mwendo wa mashindano, na kesho ashindane nalo. Mzee, mimi siwezi kutia sahihi. Nimeshika kalamu mara tatu na mara tatu nimeiweka chini. Naona kama nikisaini nitakuwa nimemchimbia mwanao kaburi karibu na lako.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe uliondoka katikati ya kazi.

Tukianza na kosa langu. Usije ukadhani nimekuja kushtaki watu tu. Unakumbuka wiki ile ya mwisho, nilipokuja Suji na machungwa, ukawatoa wote chumbani ukabaki na mimi? Ulikuwa huwezi hata kushika kikombe. Ukaniambia, "Tausi, shamba anarithi ndugu. Ng'ombe anarithi ndugu. Timu si shamba. Timu aishike aliyewahi kukaa kiti cha kushoto, pembeni ya dereva. Wewe na Nakundwa. Siku ya kuanua matanga wazee watauliza kama kuna mwenye neno, na wewe useme." Nikakuuliza kwa nini usiandike. Ukacheka, kile kicheko chako cha puani, ukasema karatasi zinapotea lakini mdomo wa Mha kama mimi haujawahi kupotea.

Siku ikafika. Wazee wa ukoo wamekaa chini ya turubai, wanagawa. Shamba la tangawizi huyu, kahawa ya juu yule, mbuzi hawa. Wakafika kwenye timu. Mzee mmoja akasema timu nayo ni mali ya marehemu, ishuke kwa mdogo wake kama vingine. Wakaleta ovaroli lako la bluu, lile lenye tundu la moto kwenye kiwiko, wakamvisha Baba Mdogo Ombeni mabegani. Mikono ilimfunika mpaka kwenye vidole. Watu wakasema amina. Ndipo mzee akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jiko na sufuria ya kande mikononi. Neno lako lilikuwa hapa, kwenye koo. Nikawatazama wazee wale, nikawatazama shangazi zako na wajomba zako, nikajiona mimi: binti wa manamba wa mkonge, baba katoka Kigoma na begi moja, mama kanizalia kwenye kambi ya mashamba. Nani ananijua kwenye ukoo wenu? Nikasema moyoni, wataniona nimekuja kugombania mali ya maiti. Nikalimeza, Mzee. Mimi Tausi niliyekuwa nakujibu neno kwa neno, niliyekuwa nakuambia Wapare mnauza ng'ombe kushinda kesi ya kuku, siku ile moja niliyotakiwa kusema nikawa bubu. Nikarudi jikoni kupakua chakula.

Mpaka leo sijamwambia mtu. Hata Nakundwa hajui.

Baba Mdogo Ombeni simlaumu. Unamjua mdogo wako. Ni mtu wa saruji na misumari, dukani kwake pale stendi anawapimia watu misumari kwa huruma mpaka anapata hasara. Wiki ya kwanza alikuja gereji kila siku saa moja kamili, kavaa ovaroli lako, kakunja mikono mara nne. Anatusalimia mmoja mmoja, anauliza, "Hiki kinaitwaje?" Nikamwonyesha. Alijitahidi, masikini. Siku moja nilimkuta kainama kwenye boneti peke yake, kaishika kofia ya oili kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui ni cha nani. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Kisha akaogopa. Waandaaji wanampigia simu, wadhamini wanampigia simu, kila mtu anataka jibu na yeye hana. Mwezi wa pili akaleta mtu kutoka Dar. Anaitwa Fidelis, cheo chake Mkurugenzi. Wewe ulikuwa huna cheo. Wewe ulikuwa Mzee, ikatosha. Huyu anavaa viatu vyeupe humu ndani, anavifuta kwa karatasi laini kila akipita kwenye oili. Alikuja na mafundi wake wawili, akatuwekea kundi la WhatsApp, na kila asubuhi tunatumiwa ratiba. Nisiwe mwongo, yako mazuri. Helmeti ni mpya. Nakundwa kapata kiti kinachomshika vizuri mgongo. Ningekuambia ni mjinga ningekuwa namsingizia. Si mjinga. Ana haraka, na haraka ya mtu ambaye yeye mwenyewe haingii kwenye gari.

Jambo la kwanza alilolifuta ni lile.

Unaikumbuka siku uliyonifundisha? Nilikuwa na wiki tatu tu hapa. Nilibadilisha raba za bushi za mbele, nikajisifu, nikafuta mikono. Ukafungua mlango wa kushoto ukaniambia, "Ingia." Nikakuuliza kwenda wapi. "Suji. Aliyekaza ndiye anayekaa." Nilidhani utani. Tukapanda mpaka juu, ukageuza gari, ukafunga mkanda wangu kwa mkono wako, halafu ukaliachia Kande lishuke. Mama yangu! Kona ya kwanza nikaita jina la Mungu. Ya pili nikaita la mama. Ya tatu, pale korongo linapofunguka na unaona mkonge wa Makanya chini kabisa kama mistari ya daftari, nikaanza kuhesabu nati zote nilizokaza, moja moja, na kila nati nikajiuliza kama kweli niliimaliza. Tukafika chini. Ukaninunulia soda, ukasema, "Sasa umekuwa fundi. Zamani ulikuwa unafungua na kufunga tu."

Tangu siku ile sikukaza nati nikiwaza kitu kingine. Hakuna fundi wako aliyekaza nati akiwaza kitu kingine. Na ndiyo maana miaka yote ile timu yetu ilikuwa haina magari mazuri wala tairi nzuri, na hakuna mtu tuliyemrudisha kwao amefunikwa.

Fidelis akasema ni mambo ya kienyeji. "Dada Tausi, fundi ana kazi yake na dereva ana kazi yake. Tuweke mfumo." Akaleta fomu. Sasa hatukai, tunasaini. Baba Mdogo alinitazama siku ile kama anataka niseme kitu, na mimi, kwa kuwa nilishazoea kumeza, nikameza tena. Lakini Mzee, niliona jinsi wale mafundi wake walivyoanza kufanya kazi. Walikuwa wakifunga tairi huku wanaongea na simu.

Halafu ikaja habari ya Jumamosi. Wewe Jumamosi hukugusa hata spana. Jua likizama Ijumaa unafuta mikono, unasema injini nayo ina Sabato yake, na sisi wa dini nyingine tulikuwa tunakushukuru kimoyomoyo tukaenda kulala. Kesho ni Jumamosi. Timu yako imejiandikisha. Mkeo, mama yetu, aliambiwa. Aliendelea kupepeta mchele wake. Baada ya muda akaniuliza, "Kwa hiyo tukitoka kanisani tutakuta barabara imefungwa na mwanangu ndiye anayepita?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema, "Haya." Hiyo haya yake imenikaa kichwani siku nne.

Sasa nikwambie kilichonitoa usingizi.

Wiki iliyopita Nakundwa alikuwa anaingiza gari gereji, taratibu, anakata kona ya getini. Nikasikia ko. Moja. Halafu kimya. Unajua bushi ikichoka inagonga ko-ko-ko, inalalamika kama mgonjwa anayetaka uji. Hii ilikuwa ko moja tu, upande wa kushoto mbele, chini kabisa ya miguu ya anayekaa. Nikamwambia asimame. Nikaingia uvunguni na tochi. Mkono wa chini, ule unaoshika tairi la mbele, ulikuwa umepinda kidogo, na karibu na tundu la boliti kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Jiwe la barabara ya Mwembe bila shaka, siku ile walipokwenda kufanya mazoezi bila mimi.

Nikasema mkono huu hauendi popote, uagizwe mwingine. Fidelis akakubali, akaagiza Dar. Jumatatu haukufika. Jumanne haukufika. Jumatano nilikuwa nimekwenda Makanya kumwona mama yangu, miguu yake imevimba tena. Niliporudi Alhamisi asubuhi nikakuta mkono umeshafungwa. Nikauliza umefika? Hapana. Wameupeleka Hedaru, kwa mchomeleaji anayeziba bodi za malori pale barabarani, akaunyoosha akauchomelea. Na juu yake, Mzee, wameupaka rangi. Nyeusi, inang'aa! Nani anapaka rangi mkono wa gari la mashindano? Si ulituambia mpaka tukachoka, kwamba chuma kinachopakwa rangi kina jambo kinalificha? Nikataka kuufungua. Fidelis akaniwekea mkono kifuani, hivi, kwa adabu, akasema, "Usiguse, dada. Magurudumu tumeshayapima na kuyanyoosha. Tukifungua tunaanza upya na muda hatuna."

Nikamtafuta Nakundwa. Yeye ndiye atakayekalia usukani, yeye akikataa nani atamlazimisha? Nilimkuta kwenye ngazi za stoo anafunga kamba za viatu. Tangu ufe ameacha kuongea akiendesha. Zamani alikuwa anayatukana mashimo ya barabara kwa Kipare mpaka tunacheka kwenye redio. Sasa ni kimya, na anaendesha kwa hasira, kona anazikata kama anamkimbiza mtu. Nikamweleza yote, mstari, Hedaru, rangi. Akasikiliza. Akasema, "Dada Tausi, wazee walimvika Baba Mdogo nguo ya baba mbele yangu. Yeye ndiye baba sasa. Na baba akisema gari liko sawa, mimi nitabishana na baba?"

 Jibu nilikuwa nalo, lakini nililiacha kwenye sufuria ya kande.

Leo asubuhi kikao. Nikasema liwalo na liwe, lazima niongee. Nikasimama, nikawaambia: "Kwa Mzee Elisante aliyekaza ndiye anayekaa. Mkono wa kushoto sikuukaza mimi. Msoma ramani wetu hajafika, na jioni ya leo kiti cha kushoto kiko wazi. Aliyeukaza akae."  Wale mafundi wawili wakaangalia viatu vyao. Fidelis akatabasamu akaanza habari za mfumo. Nikajiambia nimewapata. Nilitaka waone haya, waogope, waseme basi tusubiri mkono mpya. Nilikuwa na furaha, Mzee, nakuapia, furaha ya kijinga kabisa.

Baba Mdogo Ombeni akainuka. Akakunjua mikono ya ovaroli lako, ikamfunika vidole kama siku ile. Akasema, "Nguo ya kaka nilivishwa mimi. Mambo ya timu yote ni yangu. Nitakaa mimi." Watu wakapiga makofi. Hata Fidelis alipiga. Na Baba Mdogo akanigeukia mimi, akanitazama kama mtoto aliyejibu swali la mwalimu, anauliza kwa macho kama amepatia.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Nilitega kwa ajili ya wageni, ukanasa mtu wako. Kwa hiyo saa kumi, nisipofanya kitu, watakaokuwa ndani ya Kande ni binti yako na mdogo wako. Mtu ana presha kama uliyokuwa nayo wewe, hajawahi kukalia kiti kile hata gari likiwa limezimwa. Na mkono ule uko chini ya miguu yake. Mimi ndiye niliyemweka pale kwa mdomo wangu.

Nimekaa hapa nawaza nitamwambiaje mama. Nimewaza kiti chako kitupu pale mezani kwake na vingine viwili vimeongezeka. Nimewaza ile kona ya tatu. Nimeisikia ko, hapa hapa, gari likiwa limesimama, na najua ni bati la upepo lakini nimeisikia.

Ngoja, Mzee. Narudi.

Nimerudi. Samahani kwa alama za grisi, mikono sikuifuta vizuri.

Nimeufungua. Waliniambia nisiguse, nimegusa. Boliti mbili zilitoka kwa urahisi mno, mmoja wa wale mafundi hakuwa amekaza hata robo tatu. Nikauchukua mkono mpaka pale kwenye ndoano yako, ile ya waya karibu na dirisha, ambayo Fidelis kila siku anasema iondolewe inachafua ukuta. Nikauning'iniza. Nikachukua nyundo ndogo.

Ulinifundisha mwaka wa kwanza. Ukaning'iniza vyuma viwili, ukaniambia nifumbe macho, ukagonga kimoja kikalia vizuri, sauti ikatembea mpaka ikapotea yenyewe. Ukagonga kingine, sauti ikakatika hapo hapo. Ukaniambia, "Chuma kizima kinaimba. Chenye ufa kinakohoa. Macho yatakudanganya, Tausi, na mdomo wa mtu utakudanganya. Chuma hakijajifunza uongo." Tukakaa jioni nzima tunagonga kila kitu humu ndani, mpaka sufuria ya chai, na wewe unacheka.

Nimeugonga. Umekohoa.

Nikaugonga tena nikidhani ni masikio yangu. Ukakohoa. Nikachukua msasa nikakwangua ile rangi nzuri yao, na chini yake, pembeni ya walipochomelea, ufa uko pale pale. Umezunguka na kwenda upande wa pili. Kucha yangu inaingia. Mzee, kucha inaingia! Kona tatu za Suji ungekuwa mkono wa majani.

Nimelia. Sitakuficha. Nimekaa chini kwenye sakafu yako nimelia kama ambavyo siku ya mazishi sikulia, kwa kuwa siku ile nilikuwa nahudumia watu.

Sasa nimenyamaza, na hivi ndivyo nitakavyofanya.

Sitawasubiri hapa. Nikibaki watanizunguka, watasema amefungua gari bila ruhusa, na Fidelis atapiga simu kwa timu nyingine aazime mkono, ufungwe harakaharaka na wale wa simu mkononi, na saa kumi itafika palepale. Wakinikuta na hiki chuma watakichukua, na kesho yake hakutakuwa na mtu aliyewahi kuona ufa. Naufunga mkono kwenye kanga, nauweka mgongoni kama mtoto, napanda basi mpaka Makanya na bodaboda mpaka Suji. Nataka nifike kabla jua halijazama, kabla wazee hawajaingia kwenye Sabato na kufunga midomo ya mambo ya dunia. Naenda kwa yule yule aliyeuliza kama kuna mwenye neno.

Nitamwambia ninalo. Nilikuwa nalo siku ile na nikalimeza kwa woga, na woga wangu umekaribia kuwaua watu wawili wa nyumba yenu. Nitalisema lote kama ulivyolisema, mbele ya mama, na nitaomba Nakundwa na Baba Mdogo waitwe. Najua watakachouliza: wewe ni nani, una ushahidi gani, maneno ya marehemu chumbani nani aliyasikia? Watauliza, ni Wapare hao. Kesi ya kuku tu mnaleta mashahidi wanane. Basi mimi sina shahidi wa maneno yako. Ila nina waya na nina nyundo. Nitauning'iniza mkono kwenye mgomba wako, hapo hapo pembeni yako, wafumbe macho wote, nigonge. Wasiposikia kikohozi kile nitawaachia timu na nitarudi mkongeni kwetu.

Jambo linalonitisha ni njia. Ni ndefu, na simu imeshaanza kuita. Baba Mdogo ameandika wanarudi mapema, Fidelis anataka kuwahi mwanga. Sijamjibu. Nakundwa nimemwandikia maneno matatu tu: usipande gari, nisubiri. Hajasoma. Alama bado ni moja. Sijui kama akisoma atanisikiliza mimi au atamsikiliza baba aliyevikwa.

Mahali pa sahihi nimepaacha wazi. Lakini juu kidogo, kwenye fomu, kuna mstari unauliza nani atakaa kiti cha kushoto, na wao walikuwa wameandika Ombeni. Nimelikata jina lake. Nimeandika Tausi. Mkono mzima ukipatikana, uwe umetoka Dar au mbinguni, nitaukaza mimi, peke yangu, simu nimeizima, na nitafunga mkanda nishuke nao. Asiyekaa hatakaza tena gari lako nikiwa hai. Hiyo ndiyo ahadi yangu na nimeiandika kwa grisi yako.

Lala, Mzee. Salamu yangu ya asubuhi bado unadaiwa, na marahaba yake utanipa ana kwa ana siku ikifika. Isiwe leo. Na usifungue mlango ukisikia Nakundwa anabisha. Mrudishe.

Tausi wako,
wa kiti cha kushoto